Nani Alinoa Msumeno wa Baba

Kristiansund, Jumapili 11 Oktoba 1998

Dada Gunnvor,

Barua hii ikukute umekaa karibu na jiko, miguu mikavu. Sisi huku hatujakauka tangu Agosti. Mvua ya pwani hainyeshi kutoka juu, inakuja kwa ubavu, na mwavuli ni wa kuchekesha watu tu. Wifi yako Åshild anakusalimu sana. Anasema viazi ulivyotuma vimemharibu, vya dukani sasa hataki hata kuviona. Binti yetu Ragna yuko Bergen, mwaka wa pili wa uuguzi, na akipiga simu ujue anaomba kitu. Mimi mzima. Mgongo unalalamika, lakini nani wa umri wetu mgongo wake umenyamaza?

Sasa lililonishikisha kalamu. Alhamisi alifika dereva wa lori la mbao hapa karakana ya meli, akaulizia, "Eilif wa Nysetra ndiye nani?"

Nikamwambia, "Nilikuwa mimi."

Akacheka, akashusha gunia. "Jirani yenu wa zamani, Mzee Tollef, anasema hii ni mali yako. Anahamia nyumba za wazee, hataki kuhama na vitu vya watu. Ila bwana, uzito huu! Amekuwekea jiwe la kusagia?"

Dada, ndani mlikuwa na msumeno wa mnyororo wa Baba. Ule ule wa mwaka sitini na nne. Nilidhani ulitupwa mtoni siku ile ile. Wewe mwenyewe uliniambia hivyo. Kumbe Mzee Tollef aliuokota pale msituni akauweka darini kwake miaka thelathini. Umeshika kutu, tangi limeziba kwa mafuta yaliyoganda, kamba ya kuwashia imeliwa na panya. Lakini pistoni inazunguka. Niliizungusha kwa mkono nikasikia inavuta pumzi.

Nimeamua kuufufua. Na ukifufuka nitakuja nao huko mwishoni mwa baridi, kabla maji hayajaanza kupanda kwenye mibetula, ile miti yetu ya kuni, nikukatie kuni za mwaka mzima. Unajua kwa nini. Nilichomfanyia Baba kwa mashine hii unakijua kuliko mtu yeyote. Nimechoka kukikimbia. Nataka nijue nilikosea wapi hasa, kisha niushike na nifanye nao kazi halali.

Wako,
Eilif


Nysetra, 2 Novemba 1998

Mdogo wangu Eilif,

Nimepata barua yako na ninashukuru kwamba mko salama. Mwambie wifi yangu nimemtengea gunia jingine la viazi. Huku theluji ya kwanza imeshuka ikayeyuka, sasa ardhi ni ngumu na haina sura. Kondoo nimeuza sita, nimebaki na kumi na mmoja. Kuni za mwaka huu ziko tayari tangu Mei: safu tatu ukutani kusini na moja ghalani. Mleta barua alisimama kuzitazama akasema, "Gunnvor, kwa kupanga huku ungekuwa mwanamume ungeoa mara tatu." Nikamwambia hata mara moja inatosha kumharibia mtu hesabu.

Usiniangalie mwandiko. Kiganja kimefuta wino tena, kama kawaida yangu. Mwalimu alinipiga rula miaka saba na mkono haukubadilika.

Kuhusu ule msumeno: utupe baharini. Bahari unayo mlangoni. Mashine za siku zile hazina breki ya mnyororo, hazina mpira wa kuzuia mtikisiko, waliozishika msituni leo vidole vyao vimekuwa vyeupe na havina hisia. Kama unataka kunikatia kuni, njoo mikono mitupu. Ninao msumeno wangu mzuri, wa kisasa, una kila kitu. Mzee Tollef amenikasirisha. Hakuwa na ruhusa ya kukutumia kitu kile bila kuniuliza.

Mambo ya zamani yamezikwa. Wewe fanya kazi yako, kula vizuri.

Dada yako,
Gunnvor


Kristiansund, 15 Novemba 1998

Dada,

Salamu, na pole kwa kondoo sita. Hapa kuna upepo wa kuondoa mapaa. Åshild ameniwekea sharti: msumeno usiingie jikoni. Juzi alikuta kabureta kwenye sahani ya mkate mwembamba. Akasema, "Eilif, mimi niliolewa na fundi, sikuolewa na karakana." Nimehamia kibanda cha boti.

Siutupi. Samahani. Nikikaa chini dakika kumi miguu inataka kwenda kibandani. Kazini nafunga boliti za injini ya meli huku akili iko kwenye injini ndogo inayobebwa mkononi. Nimeifungua na kuifunga mara tatu bila sababu. Silinda ina mikwaruzo midogo, nimeisugua ikapona. Mpira mwembamba wa kabureta ulikuwa mgumu kama ganda la kitunguu. Nimekata mwingine kwa mkasi. Plagi mpya, kamba mpya. Jumamosi nilitia petroli na oili nikavuta. Nikavuta mara ishirini na kitu. Halafu ukakohoa, Dada! Ukakohoa, ukajaza kibanda moshi wa buluu, ukanguruma. Nililia. Nakuambia wazi kwa sababu hukuniona.

Nilipouzima nilisikia ukimya ule ule wa Jumatatu ile, tarehe kumi na mbili Februari sitini na nane. Hatujawahi kuizungumza, mimi na wewe. Basi ngoja nikuandikie mimi.

Jumamosi Baba alinipa mnyororo niunoe. Unakumbuka sheria ya msituni: kila mtu hunoa mnyororo wake mwenyewe, hata mkwe hapewi. Nilikuwa na miaka kumi na saba, akanipa wake. Nilinoa kila jino mara tatu kwa tupa ya mviringo, nikampelekea, akaupitisha kidole, akaitikia kwa kichwa. Jumatatu tukapanda msituni na farasi. Mti wa kwanza ulianguka kabla sijamaliza kufunga koti. Baba akacheka, Baba yule asiyecheka, akaniambia, "Kijana, leo umeufanya unakula kama nguruwe!" Nilivimba kichwa. Mti wa nne nilikuwa nakata matawi hatua kumi kutoka kwake. Sikuona. Nilisikia sauti inapanda, halafu hakuna sauti. Ncha ya msumeno iligusa gogo lililolala nyuma, ukaruka ukamrudia usoni na begani. Nilikimbia kwa Mzee Tollef bila kofia.

Jicho moja na mkono wa kulia. Alikuwa na miaka hamsini. Hospitali nilibaki koridoni, wewe ukaingia, ukatoka ukaniambia hataki kuniona. Wiki ya tatu nilikuwa nimeshapanda meli. Kwa miaka kumi na mitatu aliyobaki hapa duniani Baba hakuniandikia hata neno moja, na simlaumu.

Swali langu ni moja tu. Baba aliwahi kusema lolote kuhusu ule mnyororo?

Upo. Mzee Tollef aliuweka kwenye kopo peke yake. Umegandana kwa utomvu na kutu kama donge. Sijaugusa, naogopa kuona kazi ya mikono yangu.

Eilif


Nysetra, 20 Desemba 1998

Mdogo wangu,

Heri ya Krismasi kwenu wote. Nawatumia soksi, za Åshild ni zile nyekundu, usizichukue wewe. Mbavu za kondoo nimezikausha, nusu ni zenu, dereva wa mbao atazipitisha. Baridi imefika nyuzi ishirini na nne chini ya sifuri na kuni zinaisha mbio kuliko nilivyopanga. Kwaya ya kanisa imenitoa kwenye sauti ya juu, wananiambia nikae na sauti za chini. Ndiyo uzee.

Umeuliza kuhusu Baba. Baba hakuwa msemaji, unamjua.

Nilikwenda kumwona Mzee Tollef huko kwenye nyumba za wazee. Ana chumba chenye dirisha linalotazama maegesho ya magari. Nilimwambia, "Mzee, ulikuwa na haraka gani ya kumtumia Eilif lile balaa?"

Akasema, "Haraka? Binti, nimengoja miaka thelathini. Haraka hiyo?"

Nikamuuliza alikuwa anangoja nini. Alinijibu jambo ambalo sitaliandika hapa. Ameanza kuchanganya mambo, wanasema wauguzi.

Eilif, nisikilize dadako. Njoo Pasaka, wewe na Åshild. Nitapika uji wa krimu. Tutakata kuni kwa msumeno wangu. Mnyororo ule uache kwenye kopo lake. Hauna la kukwambia usilolijua.

Gunnvor


Kristiansund, 17 Januari 1999

Dada Gunnvor,

Mbavu tumekula, soksi nyekundu nimezikwepa. Ragna alikuja sikukuu akalala siku tatu mfululizo. Sote wazima.

Mnyororo nimeusafisha. Niliuloweka kwenye petroli siku nne, nikausugua kwa brashi ya waya kiungo kwa kiungo, nikaulaza mezani kwenye mwanga wa dirisha. Nimeutazama wiki mbili kabla ya kukuandikia. Åshild anasema natembea ndani ya nyumba kama mbwa anayetaka kutoka.

Nitakuandikia nilichoona, kwa utaratibu, kama ninavyoandika ripoti ya injini.

La kwanza. Mbele ya kila jino la mnyororo kuna kizuizi kidogo cha chuma. Ndicho kinachopima jino liume kiasi gani. Ukikishusha kwa tupa bapa, msumeno unakata kwa uroho, na ukigusa kitu kwa ncha unaruka. Vizuizi vya mnyororo huu vimeshushwa vyote, karibu nusu. Ndiyo maana ulikula kama nguruwe, na ndiyo maana uliruka. Sasa sikiliza. Mimi Jumamosi ile sikuwa na tupa bapa. Baba alinipa ya mviringo tu. "Vizuizi ni vya mtu mzima," alisema, "wewe shughulika na meno." Miaka yote nilijiambia labda nilinoa vibaya, labda nilichonga sana. Vizuizi sikuvigusa.

La pili. Meno ya mnyororo hupishana, moja kulia moja kushoto, na hakuna anayenoa pande mbili sawasawa. Mtu wa mkono wa kulia hubonyeza zaidi upande mmoja, na meno ya upande huo huisha mapema. Mimi ni hivyo, Baba alikuwa hivyo, karakana nzima ni hivyo. Nimepima minyororo minane ya wenzangu kwa rula ili nisidhulumu mtu. Huu wa Baba umeliwa upande wa pili. Mikwaruzo ya tupa kwenye vizuizi nayo imelala kinyume.

Nyumbani kwetu aliyeshika kijiko kwa mkono wa kushoto alikuwa mtu mmoja. Sitaandika jina lake. Nataka aliandike mwenyewe.

Eilif


Kristiansund, 14 Februari 1999

Gunnvor,

Wiki nne. Posta haichukui wiki nne. Nimempigia simu mleta barua wenu, anasema unaonekana kila siku unapasua kuni ambazo hazihitaji kupasuliwa.

Juzi ilikuwa tarehe kumi na mbili. Nilisimama gatini tangu saa sita mpaka Åshild akaja kunichukua. Mficha uchi hazai, Dada. Andika.

E.


Nysetra, 7 Machi 1999

Eilif,

Sitaanza na kondoo wala hali ya hewa. Nimeanza hivyo mara sita na barua zote sita zimeingia jikoni kuwashia moto.

Ni mimi. Gunnvor. Mimi ndiye niliyeshusha vizuizi.

Ulikuwa mtoto ulipopewa tupa. Mimi nilikuwa na miaka ishirini na moja, nimemwomba Baba anifundishe tangu nina kumi na saba. Alinijibu kila mara, "Tupa si sindano ya kufumia, Gunnvor." Nilikuwa nakaa pale ghalani na ufumaji wangu nikimtazama anavyonoa, kila alichofanya nilikijua kwa macho. Halafu Jumamosi ile akakupa wewe, uliyekuwa hujui hata kuufunga mnyororo uelekee wapi. Wivu ulinipanda mpaka nikashindwa kula.

Jumapili mlikwenda ibadani. Nilisema kichwa kinaniuma. Nilichukua tupa zote mbili, nikajifungia ghalani, nikanoa. Siku ya Bwana, mtoto wa kike, na mnyororo wa mtu mwingine. Sijui lipi kati ya hayo lingemkasirisha Baba zaidi. Niliwahi kumsikia akimwambia Mzee Tollef kwamba vizuizi vikishushwa kidogo mbao laini hukatika upesi. Kidogo ni kiasi gani? Macho hayakuwa yamenifundisha hilo. Niliendelea tu, nilipenda sauti ya tupa. Nilitaka Jumatatu akirudi aseme msumeno leo ulikuwa mzuri ajabu, nami niseme, "Ni mimi, Baba." Basi. Hayo ndiyo niliyoyataka.

Uliponiandikia Novemba kwamba Baba alicheka pale kwenye mti wa kwanza, na alivyosema, nilikaa sakafuni. Sikuwa najua. Miaka thelathini sikuwahi kujua kwamba alisema. Nilifurahi, Eilif. Nilifurahi kwanza, ndipo nikaona haya. Unione nilivyo.

Sasa lililo baya kuliko hilo, na hili mnyororo hauwezi kukwambia.

Hospitali, siku ya tatu, Baba alifumbua jicho lililobaki akaniuliza, "Nani aligusa mnyororo baada ya mimi kuukagua?" Nilisema, "Eilif." Neno moja. Lilitoka kabla sijalifikiria, na likishatoka nikalilinda.

Baba akasema, "Basi kosa ni langu. Asubuhi sikuukagua tena. Mwanafunzi hukaguliwa. Mwambie aje."

Ulikuwa kwenye korido. Nilitoka nikakwambia hataki kukuona.

Ungeingia angekuuliza, nawe ungesema vizuizi hukuvigusa. Ndiyo sababu. Sina nyingine. Nilidhani nitalirekebisha kesho yake, au juma lijalo, nawe ukapanda meli. Kila Krismasi alikuwa ananiambia, "Mwandikie Eilif kwamba simlaumu. Mwandikie aje nyumbani." Mkono wake wa kulia ulikuwa umekufa, hakuweza kuandika mwenyewe. Nilikaa mezani mbele yake, nikaandika, yeye ananitazama. Niliandika habari za kondoo na hali ya hewa. Nikamwambia nimeandika alivyosema. Krismasi kumi na tatu.

Mwaka wake wa mwisho alisema, "Kijana ana moyo mgumu. Sikudhani." Hakurudia tena.

Watu wa bonde hili wananisifu. Gunnvor aliyekataa kuolewa ili amtunze baba yake! Nilimvisha soksi, nilimkatia nyama, nilimnyoa. Kila nikimnyoa niliona lile kovu karibu na macho yangu. Sikuwa nalipa deni, wala usidhani hivyo. Nilikuwa namlinda asije akazungumza na mtu.

Mzee Tollef alijua. Aliutazama mnyororo siku ile ile, na alikuwa ameniona mara nyingi nikishika kisu kwa mkono wa kushoto. Hilo ndilo alilonijibu Desemba: "Nilikuwa nangoja useme mwenyewe, binti, lakini nakufa kabla yako." Akili yake haijachanganyika hata kidogo.

Sikuombi kitu. Kuni zilizobaki zinanitosha mpaka Aprili. Za mwakani sijakata hata mti mmoja. Kila nikivuta kamba ya msumeno nauzima papo hapo.

Gunnvor


Kristiansund, Jumanne 23 Machi 1999

Gunnvor,

Åshild anakusalimu. Alisoma barua yako kabla yangu, kwa sababu nilimpa, kwa sababu sikuweza kuifungua. Aliikunja akasema, "Kaa chini kwanza." Nimekwisha kaa, nimekwisha simama, nimekwisha tembea mpaka mnara wa taa na kurudi kila siku kwa siku kumi. Nimekuandikia matusi kurasa tatu nikazipasua. Nimekuandikia msamaha ukurasa mmoja nikaupasua pia, ulikuwa wa uongo.

Kwa hiyo nakuambia ukweli ulivyo leo, Jumanne, kesho unaweza kuwa mwingine.

Kunoa nilikusamehe kabla sijafika mwisho wa ukurasa. Ungekuwa mvulana angekufundisha, na kosa la kushusha vizuizi kila mwanafunzi hulifanya mara moja. Mimi mwenyewe nililifanya mwaka sabini na mbili kwenye kambi ya mbao ya Kanada, ila sikuwa na mtu wa kuumia. Neno la hospitali, nalo naweza kulielewa. Ulikuwa umeogopa.

Korido siielewi. Na zile Krismasi kumi na tatu hazinipiti kooni. Nilikuwa nasoma habari za kondoo mara mbili mbili, Dada. Nikiwa Rotterdam, nikiwa Santos, nikitafuta katikati ya mistari kama kuna neno lake. Siku ya maziko nilisimama mlangoni pa kanisa nikaondoka na treni ya jioni, maana nilidhani sina haki ya kushika jeneza. Aliningoja. Alikufa akiniona mwenye moyo mgumu, na hilo hakuna wa kulirekebisha, si wewe wala mimi wala mchungaji. Nimekasirika, Dada.

Hata hivyo mibetula haitungoji tupatane. Wiki tatu zijazo maji yatapanda, na kuni zilizokatwa baadaye hazitakauka hata ukizipanga kama ukuta wa kanisa. Huwezi kulala baridi mwakani kwa sababu mimi nina hasira. Åshild anasema hicho ndicho kitu cha kwanza cha akili nilichosema mwezi huu.

Nafika Jumamosi tarehe ishirini na saba kwa basi la saa nane. Usipike uji wa krimu. Jumapili tutakwenda kwa Mzee Tollef, utamwambia mbele yangu, maana ndiye pekee aliyebaki wa kuambiwa. Sitakuongezea neno.

Jumatatu tutapanda msituni. Msumeno wa Baba nakuja nao. Mnyororo ule wa zamani nimeuacha hapa. Nimeufungia mwingine mpya, wa saizi ile, niliupata kwa fundi mmoja mzee wa Molde. Nimekata nao wiki nzima maboriti ya gati yenye mchanga na misumari, umekuwa butu hata siagi haukati. Nimefanya makusudi. Na nakuja na tupa mbili, ya mviringo na bapa.

Utaunoa wewe. Mchana, nje, mlango wa ghala ukiwa wazi, kwa mkono wako wa kushoto. Mimi nitakaa pembeni nikutazame.

Halafu kabla sijauwasha nitaukagua, jino kwa jino.

Eilif